Mchujo wa Arobaini na Moja

Katika Taasisi ya Mimea Tiba ya Kyambo, mtu aliyetazama sahani kwa macho yake mwenyewe alichekwa. Kutazama ilikuwa kazi ya Jicho. Mashine hiyo ilikaa katika chumba cha mwisho cha maabara, ambacho mapazia yake mazito yalipigiliwa misumari kwenye fremu za madirisha miaka kumi na mmoja iliyopita. Humo gizani ilisoma sahani mia tatu kwa saa bila kuchoka, bila kwenda chooni, na, kama Profesa Gwamaka Mwalyego alivyopenda kuwaambia wageni, bila kuomba ruhusa ya kwenda msibani.

Wageni walicheka kila mara. Subilaga naye, akiwa amesimama nyuma yao na trei yake mikononi, alicheka, na kila alipocheka alijidharau kidogo.

Jumanne ile, baada ya sikukuu ya Nane Nane, alifungua kabati la joto akakuta sahani moja imesahaulika. Ilikuwa na maandishi ya Nsajigwa, kijana mwenzake wa zamu, ambaye mwandiko wake ulikuwa mbaya kama tabia yake ya kuondoka mapema. Utaratibu ulisema sahani ikishasomwa ipelekwe moja kwa moja kwenye jiko la mvuke, ichemshwe, itupwe. Hii ilikuwa imekaa siku nne kwenye joto la mwili wa binadamu.

Subilaga aliinua kifuniko kidogo tu ili asome namba. Harufu ikampiga puani: tamu, ya kuchefua, kama ndizi mbivu zilizosahaulika ndani ya mfuko wa nailoni.

"Subi!" Nsajigwa alisimama mlangoni na kikombe cha chai. "Unanusa sahani? Ukimaliza uilambe basi, tujue kama ina chumvi."

"Ni yako. Ya mchujo wa arobaini na moja."

"Ilishasomwa Ijumaa. Giza tupu. Wamekufa wote, Mungu awalaze pema."

"Waliokufa hawanuki hivi," alisema Subilaga.

Alitoka nayo hadi kwenye dirisha la korido, mahali ambapo wafanyakazi walianika miavuli yao. Mvua ya Rungwe ilikuwa imepumzika, na mwanga mweupe ukaingia moja kwa moja. Aliinamisha sahani upande. Katikati kilikaa kidonge cha karatasi, kidogo kama punje ya dengu, kilichochovywa kwenye mchujo. Kukizunguka palitakiwa kuwe na duara safi la jeli isiyo na kitu, kama ua uliofagiliwa. Jicho lilikuwa limeona duara jeusi na kusema, kwa ile sauti yake ya upole wa bure, "Imezimika. Asante."

Lakini duara halikuwa safi. Lilifunikwa na utando unaong'aa, mnene kama kamasi, toka ukingo hadi ukingo.

Vijidudu vilikuwepo vyote, vimeshiba. Havikuwaka tu.

*

Miaka ile hakuna dawa ya zamani iliyolitisha donda la mguso. Lilianzia kwenye mkwaruzo, likala ngozi polepole, na likahamia kwa yeyote aliyeligusa. Ndipo wataalamu walipotengeneza virusi vya alama. Mgonjwa alichomwa sindano moja, virusi vikaingia ndani ya vijidudu vya donda hilo na si vingine, na kila kijidudu kilichokuwa hai kikaanza kutoa mwanga wa kijani. Donda likawa linawaka. Mtu angeweza kulificha chini ya kitenge mbele ya jirani, lakini si mbele ya Jicho, na Jicho liliwekwa kwenye kila stendi, kila soko, kila lango la shule. Aliyewaka alipelekwa kambini. Aliyezimika alirudi nyumbani. Fomu ya kambi ilikuwa na swali moja tu: Inawaka, au haiwaki? Nafasi ya kuandika habari za usaha haikuwepo.

Na maabara nayo ikafuata fomu. Hapo zamani mchujo ulipimwa kwa taabu: majani yakaushwe kivulini, yasagwe, yalowekwe kwenye spiriti siku tatu, yachujwe, spiriti ifukuzwe kwa joto dogo mpaka ibaki asali nyeusi chungu. Kisha kidonge kwenye sahani, usiku mmoja kwenye joto, na rula ya kupimia duara. Baada ya hapo kulikuwa na hatua moja ya mwisho ambayo wazee wa kazi waliiita kuamsha. Ulichukua waya wenye kitanzi, ukauunguza motoni, ukaupoza, ukagusa mahali penye kimya, kisha ukapaka ulichogusa kwenye jeli mpya isiyo na dawa. Kesho yake kama kuna kilichoota, ulijua kwamba uliyemdhania maiti alikuwa amelala.

Hatua hiyo iliondolewa miaka mitatu iliyopita. Barua ya kupendekeza iondolewe ilisema kuwa inapoteza siku nzima na kwamba Jicho linatosha. Iliandikwa na Subilaga Mwansasu, mwezi wake wa pili kazini, aliyetaka sana aonekane anakwenda na wakati.

Waya aliukuta kwenye droo ya vitu vibovu, chini ya betri zilizovuja. Aliuunguza, akaupoza, akagusa duara jeusi, akapaka.

"Bibi yangu angekupenda," alisema Nsajigwa. "Naye alikuwa hasadiki kitu mpaka akishike."

Jumatano asubuhi jeli mpya ilikuwa imejaa. Aliingiza sahani kwenye chumba cha giza, na Jicho likasema, "Inawaka. Asante." Kijani kilikuwa kikali kama cha mbao za matangazo.

Aliendelea kutwa nzima. Mchujo haukuua kitu. Ulikaa juu ya vijidudu kama blanketi na kuuzuia mwanga usitoke. Alipodondoshea maji ya magadi juu ya duara jeusi, blanketi liliteleza, na katika dakika saba mwanga ulirudi. Mmea wenyewe ulikuwa mtambazi mwekundu upande wa chini wa jani, ambao kwao Subilaga watu waliwalisha sungura. Yeye ndiye aliyeuleta. Wagonjwa thelathini na watatu wa kambini walikuwa wakipakwa asali yake nyeusi kwa siku tisa. Wote thelathini na watatu walizimika. Ijumaa, mbele ya Waziri, wangerudi nyumbani.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa mama yake mdogo.

*

Profesa Mwalyego hakuwa amegusa sahani tangu alipopewa kiti chenye magurudumu. Alikuwa na mikono safi, laini, yenye kucha zilizopigwa msasa, na alipoziona sahani mbili mezani kwake alirudisha kiti nyuma kana kwamba Subilaga amemletea panya.

"Umetazama wapi?"

"Dirishani, Profesa."

"Dirishani." Alilitamka neno hilo taratibu, kama mtu anayetoa unywele kwenye chakula. "Taasisi hii ina chombo ambacho nchi nzima inakionea wivu, na wewe, binti mwenye digrii, unatazama dirishani. Kesho utaniletea kuku tuchinje tusome utumbo?"

Subilaga alitazama viatu vyake. "Vimeota, Profesa. Nimeamsha. Viko hai."

"Nani aliiondoa hatua hiyo?"

Profesa alivuta droo, akatoa karatasi.

"Nakuuliza kwa sababu ninayo barua hapa. Imeandikwa vizuri sana. 'Mbinu za kale zisizoendana na hadhi ya taasisi.' Hayo ni maneno ya nani?"

"Yangu."

"Basi." Alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa baya kuliko kelele. "Sikiliza. Tuliombwa mchujo unaozima taa. Tumepata mchujo unaozima taa. Fomu haisemi zaidi ya hapo. Baada ya Ijumaa utafanya utafiti wako, upewe hata msaidizi. Wakianza kuwaka tena watarudishwa kambini. Nani ameumia?"

"Watakuwa wameshagusa watu."

"Watu gani?"

Aliuliza hivyo kwa dhati. Hapo ndipo Subilaga alipoacha kumwogopa. Woga wake wa miaka mitatu ulimtoka mara moja na mahali pake pakabaki kitu kikavu, cha baridi, ambacho hakuwa amekizoea. Alimtazama mtu huyu aliyepewa magari mawili na nishani, aliyekuwa akisahihisha Kiswahili cha wahudumu wa chai, na akaona kwamba kichwani mwake hamkuwa na mtu hata mmoja. Kulikuwa na fomu tu, na yeye mwenyewe amekaa juu yake.

Alikusanya sahani zake. Akiwa koridoni aliandika ripoti kwa Wizara kwenye simu yake, akaambatisha picha kumi na mbili, akatuma. Jibu lilifika kabla hajafika mezani kwake: Ripoti yako imepokelewa. Itasomwa na Jicho.

*

Kambi ya Wenye Taa ilikuwa shule ya zamani iliyozungushiwa nyavu mbili, na kati ya wavu na wavu palikuwa na hatua nne ili mkono usifikie mkono. Alhamisi saa nne asubuhi Subilaga alisimama upande wa nje. Upande wa ndani alitoka Tusekile, mdogo wa mama yake, mwanamke mpana aliyewahi kuuza pombe ya ulezi Tukuyu na kuwatoa nje walevi kwa kuwashika mkanda.

"Eeh, daktari wangu!" alipaza sauti. "Nitazame! Nimezimika kama nyumba isiyolipiwa umeme. Juzi muuguzi ameingia gizani akanikanyaga, hajaniona. Miezi kumi na minane nilikuwa nawaka kama grosari, leo nakanyagwa. Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umevaa uso wa matanga? Bupe amekwambia? Mtoto wamempa jina langu. Ana wiki tatu na hajaogeshwa na mtu anayejua kuogesha. Mwanangu Bupe anamshika kama anashika yai la watu. Kesho nikitoka tu, maji ya vuguvugu, mafuta, namnyoosha miguu ile, namkanda mgongo—"

"Mama mdogo. Donda linanuka?"

Mkono wa kushoto wa Tusekile, uliofungwa bandeji toka kiwiko hadi kifundo, ulirudi nyuma ya mgongo.

"Madonda hunuka."

"Linanuka tamu? Kama ndizi zilizoiva kupita kiasi?"

"Nani amekwambia?"

Subilaga alimweleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, akirudia, machozi yakimwingia mdomoni. Lakini alieleza yote, pamoja na barua aliyoiandika mwenyewe, pamoja na magadi. Tusekile alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo ulinipaka majani ya sungura," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Na mkubwa wako anajua."

"Anajua."

"Na Jicho lenu hilo, linaloongea kama karani wa benki, litaniruhusu nitoke."

"Litakuruhusu."

"Basi wewe umekuja kutafuta nini hapa?" Sauti ilipanda hadi watu wawili waliokuwa wakianika nguo wakageuka. "Eti? Ungenyamaza ningetoka, nisijue. Sasa umenipa nijue. Umeutua mzigo wako umenitwika mimi, wewe urudi ukanywe chai! Mwoga wee! Shule yote hiyo, na kazi ya kufunga mlango unamwachia mgonjwa aufunge kwa mkono wake mwenyewe!"

Ilikuwa kweli. Njiani Subilaga alikuwa amejiambia kwamba mgonjwa ana haki ya kujua, na maneno hayo yalisikika mazuri sana. Hakujiambia kwamba alikuwa anatafuta mtu wa kumwamulia.

"Nenda," alisema Tusekile. "Nisikuone."

*

Ijumaa ukungu ulishuka hadi kwenye mabati. Langoni palifungwa maturubai na viti vyenye vitambaa vyeupe, na Waziri alikaa mbele akiwa na glavu mbili mbili. Bupe alisimama nje ya kamba na kitoto chake ndani ya khanga, akichungulia foleni ya watu thelathini na watatu waliovaa nguo mpya za msaada.

Subilaga alikuja na beseni. Usiku hakulala, na asubuhi alijua kitu kimoja tu: hatamwachia tena mtu mwingine. Ndani ya beseni kulikuwa na maji ya vuguvugu na magadi, na ndani ya koti lake kulikuwa na sahani mbili. Profesa akimaliza hotuba, yeye angesimama mbele ya Waziri na kusema yote. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno la kwanza mara hamsini.

Profesa alizungumza nusu saa. Alisema "mimi" mara nyingi kiasi kwamba Nsajigwa, aliyekuwa amesimama kando ya Subilaga, aliacha kuhesabu. "Mtambazi huu ambao wenyeji, kwa ujinga wao, waliwapa sungura," alisema Profesa, na wageni wakacheka. Kisha akapunga mkono, na Tusekile akasogea kuelekea kwenye kibanda cheusi cha Jicho, hatua kumi kutoka kwa mjukuu wake.

Subilaga alifungua mdomo. Neno la kwanza halikutoka. Alipiga hatua, maji yakamwagikia viatu, na watu wakageuka kumtazama msichana aliyeloa, asiyesema.

Tusekile alisimama. Alimtazama, akalitazama beseni, akamtazama Bupe.

"Lete," alisema.

"Mama, endelea tafadhali," alisema Profesa. "Waziri ana ratiba."

"Nanawa. Kwetu mtu akitoka hospitali hashiki kichanga kabla hajanawa."

"Hilo litafanyika nyumbani."

"Profesa," alisema Tusekile, na sauti yake ilikuwa ile ya kuwatoa walevi, "ulishawahi kuogesha mtoto wewe? Hata mmoja? Hata wa kwako?" Watu wa nyuma walicheka, hata askari mmoja alijiuma mdomo. "Ndivyo nilivyodhani. Basi nyamaza tufanye kazi."

Alifungua bandeji mwenyewe. Harufu ilifika mstari wa mbele, na Waziri akaweka leso puani. Tusekile aliinamisha mkono ndani ya beseni lililoshikwa na Subilaga, akausugua kwa kiganja cha pili, taratibu, akihesabu kitu midomoni kama anayeomba. Ndipo neno likamtoka Subilaga, na baada yake mengine yote: mchujo, blanketi, kuamsha, barua. Aliyasema huku ametazama maji, kwa sauti isiyo kubwa, lakini pale palikuwa kimya.

"Huyu ni mgonjwa wa akili," alisema Profesa. "Mwondoeni."

Hakuna aliyekuwa tayari kumgusa mtu aliyelowana na maji yale. Dakika saba zilipita hivyo. Kisha Tusekile akajifuta, akaingia mwenyewe kwenye kibanda cheusi, na kipaza sauti kikawaambia wote, kwa upole wa bure:

"Inawaka. Asante. Tafadhali rudi ndani."

Kelele zilizofuata hazikuwa za shangwe. Mwanamume wa tatu kwenye foleni alilipiga teke beseni likapinduka. Alimtukana Subilaga tusi la mama yake, akalia kama mtoto, kwa sababu mke wake alikuwa nje ya kamba na keki. Wengine walikimbilia lango, askari wakalifunga. Waziri alikuwa amekwisha kuondoka. Profesa alikuwa akimweleza mwandishi wa habari kwamba siku zote alikuwa na mashaka na mmea ule.

Tusekile alisimama nyuma ya wavu wa kwanza, mkono ukitoa kijani hafifu ndani ya ukungu.

"Bupe!" aliita. "Mshike shingo! Shingo, siyo kichwa! Na maji yasimwingie masikioni!"

Bupe alitingisha kichwa huku analia. Ndipo Tusekile akamgeukia Subilaga.

"Mwoga," alisema, lakini safari hii chini chini. "Utatafuta jani lingine?"

"Ndiyo, mama."

"La kweli?"

"Nitaliamsha kila moja. Kwa mkono."

Tusekile alimtazama bila msamaha, kisha akageuka akaingia ndani.

*

Barua ya kufukuzwa iliwahi kufika maabara kabla yake. Ilimtaka arudishe koti kabla ya saa tisa. Ilikuwa saa nane.

Alipita koridoni hadi chumba cha mwisho. Kwa koleo la kushikia vidonge alianza kung'oa misumari ya pazia, mmoja mmoja, na koleo lilikuwa dogo na misumari ilikuwa na kutu.

"Gharama yake wataikata kwenye mshahara," alisema Nsajigwa mlangoni.

"Sina mshahara."

"Hata, mimi nilikuwa nausemea wangu." Alitoa mfukoni bisibisi, akapanda juu ya kiti, akashika upande wa pili.

Pazia lilianguka kwa vumbi la miaka kumi na mmoja. Mwanga mweupe wa mvua ukajaa chumbani, juu ya meza, juu ya trei za sahani zilizosubiri kusomwa, na juu ya mashine yenyewe, ambayo ilionekana sasa ndogo kuliko walivyoidhania, na chafu.

"Sioni," lilisema Jicho. "Sioni. Sioni."

Subilaga alivuta kiti dirishani, akachukua sahani ya mchujo wa arobaini na mbili, akainamisha upande. Alikuwa bado na dakika hamsini.